Funguo Kumi na Saba

Nilizifunga kiunoni, kumi na saba,
zikilia kabla sijafika, kama kengele ya mbuzi,
na wabanguaji wa zamu ya alfajiri
wakisikia mlio huo, soga inakatika.
Ufunguo wa ghala, wa tanuri, wa sanduku la mafuta ya mikono,
wa choo. Naam, wa choo pia.
Mtu akibanwa huja kwangu kwanza.

Mkutanoni nilisema: kidole kimoja hakivunji chawa.
Wakapiga makofi. Nikatoka
nikaenda kuvunja chawa peke yangu:
kupima magunia, kujaribu ukavu wa korosho kwa jino,
kupanga madaraja, nzima nyeupe, vipande, zilizobabuka,
kumjibu mnunuzi simu nimeinamia mizani.
Likapa nilimkabidhi stoo kwa barua yenye mhuri,
na kila jioni nikahesabu upya alichohesabu.
Nilimpa jembe, nikabaki na mpini.

Mwezi wa kumi, msimu umepamba moto,
mama akaanguka, Kitangari.
Ukungu wa Newala ulikuwa bado umelalia mabati
nilipomwita Somoe Nambunga.
"Kiwanda ni chako."
"Mpaka lini?"
Tarehe sikuwa nayo.
"Nikikwama, nikuulize au niamue?"

Miaka tisa hakuna aliyeniuliza hivyo.
Au waliuliza, nikawajibu kwa kukunja uso?
Nikasema: "Gunia likipungua, amua.
Mtu akiumia, nipigie.
Fedha ya mishahara isiguswe bila sahihi mbili,
yako na ya Likapa."
Ndiyo mara ya kwanza nilitaja mpaka uko wapi.
Siku zote mpaka nilikuwa mimi.

Funguo zikashuka mezani.
Kiuno kikawa chepesi, kikanitisha.

Siku ya kwanza nilipiga simu mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili akapokea mtoto wa mlinzi:
"Dada Somoe yuko tanurini. Kasema ukipiga tukwambie salama."
Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.
"Kiwanda kizima umekileta mkekani kwangu?
Niliwalea saba. Unadhani ming'oko yote
niliimenya mimi?"

Nilirudi siku ya tisa.
Kilo kumi na mbili zilikuwa zimeungua.
Somoe hakuzificha: gunia limekaa mlangoni, linanuka,
na juu yake daftari, mwandiko wake wa kulalia upande:
*Jumanne. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo.
Nilichelewa kutoa trei. Kosa langu.
Tangu Jumatano Dadi anasimama kwenye swichi.*

Kurasa zilizofuata, hakuna iliyoungua.

Hotuba nilikuwa nayo kooni, ndefu, yenye methali.
Nikatazama viganja vyake, vyeusi kwa mafuta ya ganda,
nikakumbuka msimu ule mimi nilipounguza kilo arobaini,
nikazifukia usiku nyuma ya stoo,
nikaandika: *panya*.

Nikaimeza hotuba, nzima nzima.
"Dadi anapumzika saa ngapi?"
"Hilo bado nalifikiria."
Jibu nilikuwa nalo. Lilinichoma ulimi.
"Haya," nikasema. "Lifikirie."

Siku hizi funguo ziko ukutani, kila mmoja na msumari wake
na jina la mwenye nao, kwa chaki.
Choo tumekitoa kufuli.
Likapa akimaliza hesabu ananiletea karatasi moja,
naisoma mara moja. Mara mbili, siku mbaya.

Naingia asubuhi bila mlio.
Wabanguaji wanaendelea na soga, ya leo inanihusu,
nasikia hadi mwisho kabla hawajageuka.
Mikono bado inanyanyuka yenyewe kuelekea mizani.
Naikamata njiani, naipa kikombe cha chai
ishike.